SAFARI YA MOMBASA, SHAURI LA ITALIA, NA MIFONGO YA KWETU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Moshi



Halmashauri imeniagiza nieleze habari za safari waliyoifanya wanachama ishirini na wawili kwenda Mombasa kuitazama ngome ya kale. Tena imeniagiza nitoe maoni yangu juu ya shauri lililoletwa na baadhi yetu, kwamba mwaka ujao tukusanye fedha twende mpaka Italia, tukayatazame majengo na picha za zamani za nchi ile. Nashukuru kwa heshima hii. Mimi ni karani, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika maneno ya watu wengine na kuyatia katika majalada. Leo nimepewa ruhusa ya kusema yangu mwenyewe, nami nitajitahidi yasipite kiasi.

Najua ya kuwa wako miongoni mwenu wasioipenda safari hii. Nimeyasikia maneno yao, wala sikuyachukia. Mmoja alisema, "Mawe hayakosekani Kilimanjaro, kwa nini watu wazima walipe nauli kwenda kutazama mawe ya pwani?" Mwingine akasema ya kuwa fedha za chama ni za kuzikia wafu na kusaidia wajane, wala si za matembezi. Maneno haya mawili yana haki ndani yake, na yastahili majibu. Lakini kwanza niruhusuni nieleze tuliyoyaona, kwa maana hakimu hakati kesi asiyoisikia.

Tuliondoka Moshi alfajiri ya siku ya Ijumaa kwa basi la kukodi, tukapita Himo na Holili, tukavuka mpaka na kuingia Taveta. Toka huko njia yakata nyika mpaka Voi, karibu na reli waliyoijenga Waingereza wakati wa Vita Kuu ya kwanza, mwaka wa 1915 na 1916, ili waje kupigana na Wajerumani katika nchi yetu. Safari yote ni kama kilomita 300. Tulifika Mombasa alasiri, tumejaa vumbi na njaa, na wenyeji wetu wakatupokea kwa wema kama ilivyo desturi ya watu wa pwani.

Kesho yake asubuhi tulikwenda ngomeni. Jina lake ni Fort Jesus, na imesimama juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya zamani. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na mwaka wa 1596 ilikuwa imekwisha. Lakini aliyeichora hakuwa Mreno. Alikuwa Mtaliani wa mji wa Milano, jina lake Giovanni Battista Cairati, ambaye alikuwa mkuu wa mafundi wa ngome za mfalme katika nchi zote za Wareno upande huu wa mashariki. Wakati ule mfalme wa Hispania, Philip wa Pili, alikuwa ndiye mfalme wa Ureno pia, na Wataliani wengi wenye elimu ya ujenzi walikuwa katika utumishi wake. Basi mtu wa chama chetu akitaka kuiona kazi ya fundi wa Italia wa karne ya 16, hana haja ya kupanda ndege. Basi la Himo lamtosha.

Labda mtauliza, kwa nini mfalme alimtaka Mtaliani? Zamani mtawala aliyetaka kujilinda alijenga kuta ndefu kwenda juu, na minara mirefu, ili adui asiweze kuziparamia. Mizinga ilipoenea Ulaya katika karne ya 15, kuta zile zikawa kama mabua ya mahindi mbele ya upepo. Ndipo mafundi wa Italia wakabuni namna nyingine. Walijenga ukuta mfupi, mnene sana, ulioinama kwa mteremko, ili risasi ya mzinga isiuvunje. Katika pembe za ukuta wakatoa buruji zenye ncha, ili askari walio katika buruji moja waweze kuulinda uso wa buruji ya pili, pasiwe na mahali hata pamoja ambapo adui aweza kujificha chini ya ukuta. Mwaka ule ule wa 1593 ambao ujenzi ulianza Mombasa, dola ya Venezia ilianza kuujenga mji wa Palmanova, wenye umbo la nyota ya pembe tisa. Elimu ni moja, ila huko walikuwa na uwanda mpana, na huku palikuwa na mwamba na bahari.

Jambo jingine lilitushangaza zaidi. Wataliani wa zama zile walisadiki ya kuwa vipimo vilivyo kamili vimo katika mwili wa mwanadamu, na ya kuwa jengo jema lapasa kulingana sehemu zake kama viungo vya mwili vilinganavyo. Leonardo da Vinci alichora, mnamo mwaka wa 1490, mtu aliyenyosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba. Francesco di Giorgio wa Siena, aliyefariki mwaka wa 1501, alichora ngome yenyewe kwa umbo la mtu. Sasa ukiitazama ramani ya ngome ya Mombasa, waona kama mtu aliyelala chali, na buruji zake nne ni mikono na miguu. Mwaka wa 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliitia ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia, na umbo hilo ni mojawapo la mambo yaliyotajwa katika kuisifu.

Lakini haifai niwape sifa tupu. Ngome hii haikujengwa kwa faida ya watu wa Mombasa. Ilijengwa ili mizinga ya mgeni iitawale bandari na biashara yao. Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea na kumbatiza, aliwageuka, akamwua kapteni na kuitwaa ngome. Wareno wakairudia mwaka uliofuata. Toka mwezi wa Machi 1696 mpaka Desemba 1698 Waarabu wa Omani waliizingira, na waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Yasimuliwa ya kuwa wakati mmoja, Wareno walipokwisha karibu wote, ulinzi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wake wa pwani. Baadaye ngome ilikuwa ya Wamazrui mpaka mwaka wa 1837. Kisha Waingereza wakaifanya gereza toka mwaka wa 1895 mpaka mwaka wa 1958. Ilifunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho mwaka wa 1960. Kwa hiyo mahali ambapo mfungwa alivunja kokoto, leo mtoto wa shule aingia na daftari na kalamu. Nadhani hii ni sehemu njema ya habari yake.

Ndani tuliona vyombo vilivyotolewa katika jahazi la vita la Wareno, Santo António de Tanna, lililozama mbele ya ngome mwaka wa 1697 na kupekuliwa na wapiga-mbizi kati ya mwaka wa 1977 na 1980. Tuliona pia picha ambazo askari na mabaharia wa Kireno walizichora ukutani, za merikebu na watu. Hawakuwa wachoraji mashuhuri. Walikuwa watu waliotamani kwao. Bibi mmoja katika kundi letu, ambaye ni mwuguzi, alisimama mbele ya picha zile muda mrefu, kisha akasema, "Hawa nao walihesabu siku za likizo." Tulicheka sana, lakini neno lile limenikaa moyoni kuliko maandiko yote yaliyobandikwa kutani.

Na neno la pili lililonikaa ni hili. Jina la Cairati limehifadhiwa. Majina ya makapteni yamehifadhiwa, na jina la mmoja wao limechongwa juu ya lango. Lakini waliokata matumbawe, waliochoma chokaa, waliobeba mawe juani kwa miaka mitatu, majina yao hayakuandikwa mahali popote pale tulipopita. Sisi tulio makarani twapaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wengine. Kisichoandikwa hufa pamoja na aliyekijua.

Sasa nasema lililotokea mwisho wa matembezi yale. Bwana aliyetuongoza, mtu mwenye adabu na maarifa mengi, alitaka kujua tumetoka wapi. Tulipomwambia, akauliza, "Na ninyi huko kwenu mna kitu gani cha kale cha kumwonyesha mgeni?" Kijana wetu mmoja akajibu kwa haraka, "Tuna mlima." Yule bwana akatabasamu, akasema, "Mlima kaumba Mungu. Mimi nauliza kazi ya mikono yenu." Pakawa kimya. Watu ishirini na wawili, wenye vyeti na mihuri, tulitazamana. Kisha mzee mmoja, tarishi mstaafu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akajibu, "Tuna mifongo." Akaanza kueleza mfongo wa ukoo wake, unapoanzia, ulivyopita juu ya bonde, na zamu za maji zilivyogawanywa. Alisema karibu nusu saa, na yule kiongozi akasahau kundi jingine lililokuwa likimngoja langoni.

Basi, mabibi na mabwana, hayo ndiyo ya Mombasa. Nageukia shauri la Italia.

Walioleta shauri hili hawakukosea katika kuisifu nchi ile. Mtu akifika Roma ataliona jengo la Pantheon, lenye umri wa karibu miaka 1900, na kuba lake lenye upana wa mita 43 lasimama bila nguzo hata moja katikati. Warumi walilijenga kwa zege ya chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkeno, ambayo huwa ngumu hata ndani ya maji. Sisi tunaoishi chini ya mlima wa volkeno twaweza kulifahamu jambo hilo vizuri. Akifika Pisa ataona mnara ulioanzwa mwaka wa 1173, ambao uliinama kabla haujamalizwa kwa sababu ardhi yake ni laini. Akifika Firenze ataona kuba la kanisa kuu, lililojengwa na Filippo Brunelleschi toka mwaka wa 1420 mpaka 1436. Hakutumia kiunzi cha miti toka chini, maana hapakuwa na miti ya kutosha urefu ule. Alilipandisha duara juu ya duara, na matofali yake kayapanga kama mifupa ya samaki ili yasiteleze kabla chokaa haijakauka.

Na juu ya kanisa lile la Firenze kuna habari ambayo yatuhusu sisi wa Moshi. Kazi ile haikusimamiwa na mfalme. Ilisimamiwa na chama cha wafanya biashara wa sufu, waliokabidhiwa tangu mwaka wa 1331. Fedha ya kondoo na nguo ikawa kuba. Sisi nasi tulikuwa na kahawa yetu, na tangu mwaka wa 1933 tukawa na ushirika wetu, KNCU, na baba zetu walijua maana ya senti ya mkulima mdogo ikikusanywa pamoja na senti ya jirani yake. Watoto wa wakulima wale walisoma, na wengi wao wamo katika chumba hiki.

Lakini nauli ya ndege, na viza, na malazi ya siku kumi, ni fedha ambayo karani mwenye watoto wanne shuleni hawezi kuitoa bila kukopa. Ikiwa wako wanachama wenye uwezo, na waende kwa heri, nasi tutafurahi wakirudi na habari. Kuitoza hazina ya chama kwa safari ile haiwezekani, nami sitaliunga mkono jambo hilo. Tena nina sababu nyingine iliyo kubwa kuliko fedha. Mtu asiyejua kutazama nyumbani hatajua kutazama ugenini. Atapita mbele ya kila kitu, atapiga picha, atanunua kofia, atarudi.

Niwaambieni jambo moja juu ya Wataliani ambalo wageni wengi hawaambiwi. Watu wale hawakuzaliwa walinzi wa vitu vya kale. Uwanja mkubwa wa Roma uitwao Colosseum, uliofunguliwa mwaka wa 80, ulikuwa machimbo ya mawe kwa mamia ya miaka. Mtu aliyetaka kujenga jumba lake alikwenda pale akabomoa. Sanamu za marumaru, ambazo leo watu hulipa fedha nyingi kuziona, zilitiwa katika tanuu zikachomwa kuwa chokaa. Mchoraji Raphael, aliyewekwa na Papa Leo wa Kumi kuyaangalia mawe ya kale ya Roma, alishirikiana mnamo mwaka wa 1519 kumwandikia Papa waraka wa kulalamikia uharibifu ule. Waraka haukutosha. Ilikuwa mwaka wa 1749 ndipo Papa Benedict wa Kumi na Nne alipoutangaza uwanja ule kuwa mahali patakatifu, na kuchimba mawe kukakomeshwa. Hesabuni wenyewe: toka waraka mpaka amri ni miaka 230. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Nalieleza hili kwa sababu sisi hapa mlimani tuko katika miaka ile ya tanuu. Mangi Horombo wa Keni, aliyekuwa na nguvu huko Rombo mwanzoni mwa karne ya 19, alijenga maboma ya mawe. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na boma lake la mawe, ambalo Wajerumani chini ya Wissmann walilishambulia mwaka wa 1891. Huko Vunjo yako mapango yaliyochimbwa kwa mikono chini ya ardhi, ambamo watu na ng'ombe walijificha wakati wa vita vya Wamasai na vya Wamangi wao kwa wao. Nyumba ya msonge, iliyoezekwa toka kileleni mpaka chini, na ambamo watu na mifugo walikaa pamoja, sasa yaonekana Marangu kwa wale wanaowaonyesha wageni, na mahali pachache pengine. Mimi mwenyewe, mwaka huu, katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, nimeyaona mawe ya ukuta wa zamani yakiwa msingi wa duka. Mwenye duka si mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia ya kuwa mawe yale ni barua.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ni mifongo. Nisikilizeni vema, maana twaiona kila siku na kwa hiyo hatuioni. Mfongo huanzia juu, katika korongo la mto, ambako maji yamezuiwa kwa mawe, magogo na udongo wenye majani. Toka hapo huchukuliwa ubavuni mwa mlima, kwa mteremko mdogo sana, mpaka mtu aliye bondeni akitazama hudhani maji yanapanda. Ukizidisha mteremko, maji yatakula kingo. Ukipunguza, yatalala na kuleta tope. Penye bonde dogo walivusha maji kwa magogo yaliyochongwa kama mtumbwi. Kazi hii ilifanywa na watu wasio na pimamaji, wala karatasi, wala shule ya ufundi. Pimamaji lao lilikuwa maji yenyewe. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika habari zake kwa mshangao.

Tena mfongo si mtaro tu. Ni sheria pia. Uko ukoo wa yule aliyeuanzisha, na mzee wake ndiye aliyejua zamu ya kila kihamba. Ilikuwako siku ya kuzibua, ambayo kila nyumba ilitoa mtu, na asiyefika alitozwa. Kulikuwa na maji ya migomba, na maji ya ulezi wa mbege huko chini, na maji ya nyumbani. Aliyeiba maji usiku alihukumiwa na wenzake, wala hakwenda mahakamani. Kwa muda mrefu mlima huu uliokoa chakula chake kwa serikali hii ndogo ya maji, na bado iko mifongo inayofanya kazi mpaka leo.

Linganisheni basi na ngome. Ngome ilijengwa kwa amri ya mfalme aliye mbali, ilindwe na askari, ili wachache wawatawale wengi. Mfongo ulijengwa na majirani ili wote wanywe. Katika ngome twamjua mchoraji wala hatuwajui wajenzi. Katika mfongo ni mjenzi mwenyewe ambaye jina lake laishi, kwa maana mifongo mingi huitwa kwa jina la mtu au la ukoo. Kwa jambo hili mababu zetu wamewapita Wareno. Lakini Wareno waliandika, sisi tulisimulia. Na msimulizi akifa bila kusikilizwa, ni kama nyaraka zilizoliwa na mchwa. Vijana wamekwenda Dar es Salaam na Arusha. Mabomba yamefika mahali pengi, na sisemi tuyakatae, maana mama aliyekuwa akibeba ndoo ajua faida yake. Lakini mfongo usiozibuliwa miaka mitatu hubomoka, miaka kumi hulimwa juu yake, na baada ya hapo hata mwenye shamba hajui ya kuwa anasimama juu ya kazi ya babu yake.

Sasa naujibu ule ulalamishi wa kwanza. Kweli, mawe hayakosekani Kilimanjaro. Hatukwenda Mombasa kwa kuwa tumepungukiwa na mawe. Tulikwenda kujifunza kuuliza jiwe maswali: nani amekuweka hapa, kwa nini, kwa fedha ya nani, na nani alikubeba? Tumejifunza kidogo. Laiti kama yule bwana asingetuuliza swali lake, tungerudi na picha za simu tu.

Na kwa ulalamishi wa pili, nasema ya kuwa mwenzetu aliyeulinda mfuko wa maziko amesema neno la busara. Mwaka jana mfuko ule uliwasitiri wenzetu, na hakuna kuba la Firenze lenye thamani kuliko mjane kupewa fedha yake siku ile ile anayoihitaji. Kwa hiyo naleta mashauri matatu, na naomba yapigiwe kura moja moja.

La kwanza, mfuko wa maziko na misaada usiguswe kwa safari yoyote, ya Mombasa wala ya Italia. Anayetaka kusafiri na atoe fedha yake kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi kwa mweka hazina wa safari, na hesabu yake iandikwe mbali, ikaguliwe, na kusomwa mbele ya mkutano.

La pili, safari ijayo iwe ya mlimani kwetu. Siku ya kwanza twende Vunjo na Rombo, tuone mapango na mabaki ya maboma. Siku ya pili tufuate mfongo mmoja kwa miguu, toka mashambani mpaka penye chanzo chake, tukiongozwa na mzee wa ukoo, naye apewe heshima na posho kama mwalimu, maana ndiye mwalimu. Nauli ya daladala yatosha. Na kila mwanachama aje na mtoto mmoja, wake au wa ndugu yake, wa kiume au wa kike. Safari isiyo na watoto ni maziko mengine.

La tatu, nalo ndilo naliona kuwa kubwa, kila mwanachama mwenye asili ya mlima huu aandike habari ya mfongo mmoja wa kwao. Aandike jina lake, aliyeuanzisha, mto unakotoka, vijiji unavyopita, zamu zilivyogawanywa, siku ya kuzibua, na kama unafanya kazi au umekufa. Asiandike kwa kukisia. Aende kwa wazee akawaulize, na pale wazee wawili wanapohitilafiana aandike maneno ya wote wawili. Wanachama waliotoka Upare, Usambaa, na mikoa mingine waandike kazi za mikono ya kwao vivyo hivyo. Sisi ni makarani, walimu, waganga na wapimaji. Kazi ya kuandika, kunakili na kutunza hesabu ndiyo tunayolipwa mshahara kila mwezi. Tumewaandikia watu wengine miaka mingi. Haitatuua kuwaandikia wazazi wetu kurasa mbili.

Nami nawaomba tusikawie. Wataliani walikuwa na marumaru, wakapoteza miaka 230 na bado wakabakiwa na kitu. Mifongo yetu ni ya udongo, na wanaoijua wana umri wa miaka themanini. Katika wazee watano niliokusudia kuwauliza juu ya mfongo wa kwetu mwaka huu, wawili wamekwisha kuzikwa, na mfuko wa chama ndio uliomsaidia mwana wa mmoja wao kununua sanda na jeneza. Nadhani mambo haya mawili, kuzika vema na kukumbuka vema, hayagombani hata kidogo.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Daftari la mifongo nimemkabidhi Katibu, nalo liko mezani pake pamoja na kalamu. Ukurasa wa kwanza nimemwachia yule mzee tarishi, ambaye ameahidi kuja Jumamosi asubuhi kunisomea maneno yake, nami nitaandika. Kurasa zilizobaki ni zenu.